Kata Palipo Pazima

Mvua za mwaka ule zilileta kumbikumbi wengi kuliko mwaka mwingine wowote ninaoukumbuka. Jioni waliivamia taa ya barazani, na asubuhi tuliamka tukakuta mbawa zao zimetapakaa sakafuni, nyepesi, za rangi ya chai iliyochujwa. Wanangu walizifagia kwa kuamriwa. Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, aliyekuwa ameletwa kwetu ili asome shule ya misheni iliyokuwa jirani, hakufagia. Aliziokota moja moja, akazilowesha kwa ncha ya ulimi, akazibandika kwenye kioo cha dirisha la jikoni, kisha akasimama mikono nyuma akitazama jinsi mwanga ulivyopenya katika vishipa vyake. Mke wangu alimwonya kwamba msichana anayetazama mbawa za wadudu huku uji unaungua hatapata mume. Aliitika, "Ndiyo, mama," kwa adabu isiyo na kasoro, na uji ukaungua.

Ndivyo alivyokuwa. Ganda la kitunguu, gamba la samaki, jani lililoliwa na viwavi likabaki wavu mtupu: kila kilichokuwa chembamba alikipeleka dirishani. Hakuwa mtoto wa maneno mengi. Dada yangu alimlea kwa mkono mzito, naye alijivunia adabu ya bintiye kuliko alama zake za darasani. Mwanangu, alikuwa akisema, hawezi kumbishia mkubwa hata mkubwa akisema kwamba jua linachomoza magharibi. Sisi tulicheka, tukaihesabu kuwa sifa njema.

Alipomaliza shule alisomea kazi za maabara, akaajiriwa katika hospitali kubwa ya mji, ndani ya jengo la zamani lenye varanda ndefu na milango ya kijani inayokwaruza sakafu. Kazi yake haikuwa ya kupima damu wala choo, kama wengi wadhanivyo wakisikia habari za maabara. Yeye alikata. Kipande cha nyama ya mgonjwa, kidogo kama punje ya mchele, kiligandishwa kwa baridi kali ndani ya mashine iliyofanana na friji yenye kisu tumboni, naye alikikata tabaka jembamba mno, akalidaka kwa kioo kidogo cha mstatili kabla halijajikunja. Mwaka wa kwanza karibu yote yalijikunja. Mkuu wa kitengo, mzee mfupi ambaye koti lake jeupe lilikuwa limefuliwa hata likachukua rangi ya maziwa, hakuwahi kumkaripia. Alisema neno moja tu kila tabaka lilipoharibika, "Taratibu," na kwa hiyo wafanyakazi wote walimwita Mzee Taratibu, akiwapo na asipokuwapo.

Huyo ndiye aliyemfundisha kazi ya taa, ambayo ndiyo iliyomshika moyo maisha yake yote.

Siku moja ya mapumziko, wageni wakiwa wamejaa sebuleni kwangu, mke wangu alimtaka aeleze ni kazi gani hiyo ya kushinda katika chumba kisicho na dirisha. Alieleza kwa utulivu, nami nitajaribu kurudia kama alivyosema. Katika damu ya kila mmoja wetu mna askari, waitwao kingamwili. Kila askari anamtambua mmoja tu, kama ufunguo unavyotambua kufuli yake; akimkuta humshika, na wengine wote huwapita. Wataalamu walijiuliza: ikiwa askari hawa wana macho makali kiasi hicho, kwa nini tusiwatume watutafutie vitu tusivyoviona? Basi huwafunga taa, yaani rangi inayong'aa kijani ikimulikwa kwa mwanga wa buluu. Tone la askari wenye taa hudondoshwa juu ya lile tabaka la nyama, wakaachwa watafute, kisha kioo huoshwa. Walioshika hubaki. Ambao hawakuona wa kumshika huenda na maji. Halafu taa za chumba huzimwa, kioo huwekwa chini ya hadubini, na palipo na kijani ndipo kitu chenyewe kilipo: katika seli hii na si ile, ukutani na si katikati.

"Ni kama kumvika mtu koti la kung'aa," alisema, "ukamtuma kwenye mtaa usio na umeme akamtafute ndugu yake. Wewe ndugu humwoni. Lakini koti likisimama mlangoni, umeshajua anakaa nyumba ipi."

Mgeni mmoja akauliza kama askari hao hawawezi kudanganya. Akajibu kwamba wanaweza, na ndiyo maana kioo hakisomwi peke yake. Huambatana na kioo cha mtu ambaye ugonjwa wake unajulikana, nacho sharti king'ae, na kingine ambacho hakikupewa askari yeyote, nacho sharti kibaki giza. Hivyo viwili aliviita mashahidi. Pasipo mashahidi, alisema, jicho huona kile kinachotamaniwa na moyo.

Aliolewa, kinyume cha utabiri wa mke wangu, na fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mpole ambaye kazi yake nayo ilikuwa ya mwanga usiotazamwa kwa macho matupu. Na pamoja na mume alipata wifi.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa mumewe, fundi cherehani, mwenye chumba cha kazi kilichoelekea barabarani na benchi la wateja ambalo halikukaa tupu. Aliwalea wadogo zake baada ya wazazi kufariki, akawasomesha kwa sindano, na hakuna aliyethubutu kumpinga. Mtaani walimwita Redio, kwa kuwa aliamka akizungumza na hakuna aliyejua kitufe cha kuzimia kilipo. Jina la Mama Giza, ambalo mpwa wangu analo hata leo, yeye ndiye aliyelitoa. Nilikuwapo siku moja nilipopeleka suruali yangu kupunguzwa kiuno, mpwa wangu akapita kusalimu akitoka kazini.

"Wifi, umeshinda wapi leo?" aliuliza fundi, pini zikiwa kwenye pembe ya mdomo.

"Kazini, wifi."

"Kazini wapi?"

"Kwenye kile chumba cha giza."

"Na umeona nini humo gizani kutwa nzima?"

"Kijani kidogo tu, wifi."

Fundi akawageukia wateja wa benchini. "Mmemsikia Mama Giza. Mdogo wangu ameoa mbuzi. Haoni raha mpaka aone kijani."

Benchi zima lilicheka, na mpwa wangu alicheka pia huku akiinamisha kichwa. Baina ya mawifi utani ni haki, lakini kwa hawa wawili haki hiyo ilikuwa ya upande mmoja. Mkubwa alirusha, mdogo alipokea. Hivyo walikaa miaka mingi kwa amani, na wifi huyohuyo ndiye aliyekuja kumuogesha alipojifungua, akampikia, akamfulia, bila kuacha kumcheka.

Kisha redio ikanyamaza.

Wa kwanza kuona walikuwa wateja, nao walimshukuru Mungu. Walisema fundi ameokoka. Alipima viuno bila kusema neno juu ya unene wa mtu. Alionyesha kioo kwa kidole, akaonyesha bei kwa vidole, akarudi kwenye cherehani. Mama Giza alipokwenda kumwona alimkuta amevaa mikono mirefu katika msimu wa joto, akinywa uji uliopoa kwa kijiko cha mtoto. Alipomwuliza, aliambiwa ni meno. Hakuridhika, ila hakuuliza tena, kwa kuwa mkubwa alikuwa ameshajibu. Ni mumewe aliyekwenda siku iliyofuata, na kwa haki ya mdogo aliyelelewa akaukunja mkono wa gauni la dada yake bila ruhusa. Chini yake kulikuwa na malengelenge, mengine yamesimama kama matone ya maji, mengine yamepasuka na ngozi imechubuka kama ya nyanya iliyotiwa katika maji ya moto. Mdomoni palikuwa vivyo hivyo, na ndiyo sababu ya kunyamaza. Alikuwa amenunua kila marhamu iliyopita mbele ya mlango wake.

Alilazwa. Daktari wa ngozi, mama mwenye sauti ya chini na tabia ya kukaa kitandani mwa mgonjwa anapozungumza naye, aliwaeleza ndugu jambo lilivyo. Huenda ni mwili kuzichukia dawa za kisukari na za shinikizo la damu alizokuwa akinywa. Ikiwa ndivyo, ni kuziacha, kumbadilishia nyingine, na kungoja. Au huenda ni jambo zito zaidi: askari wa mwili wake mwenyewe wameasi, wanaishambulia gundi inayozishikamanisha seli za ngozi, na ngozi inaachana kama karatasi iliyolowa. Ugonjwa huo ukiachwa huua, kwa sababu ngozi ndiyo ukuta wa nyumba. Dawa yake ipo, nayo husaidia, lakini hupandisha sukari, na sukari ya mgonjwa huyu ilikuwa juu tayari. Akimpa dawa hiyo naye hana ugonjwa huo, anaweza kumdhuru bure. Akimnyima naye anao, atampoteza. Alihitaji ushahidi, na ushahidi ungetoka katika kile chumba kisicho na dirisha.

Mtu yeyote wa kazi ile anajua sharti lake. Ngozi ya kupimwa kwa taa haikatwi kwenye kidonda. Hukatwa kando yake, palipo pazima, kwa maana kwenye kidonda seli zimekwisha kubanduka na askari waasi wamekwenda pamoja nazo. Daktari alisema hivyo, kisha akaitwa haraka wodi ya watoto, akamwachia kazi tabibu wa zamu. Mama Giza alikuwapo, amemshika wifi yake mkono, na chupa ndogo yenye shashi iliyoloweshwa kwa maji ya chumvi iko mfukoni.

Tabibu alipoweka kidole juu ya ngozi nzima ya mkono, mgonjwa aliuondoa mkono. Alizungumza kwa shida, neno kwa neno, lakini alizungumza. Kwamba amebakiwa na ngozi nzima kidogo mno, nao wanaitaka hiyohiyo. Kwamba yeye ni fundi, na nguo ikichanika fundi haendi kupasua upande wa pili. Wakate panapouma, panapouma ndipo penye ugonjwa, au wamwache aende nyumbani.

Tabibu alimtazama Mama Giza. Ingetosha aseme neno moja. Aliniambia baadaye kwamba neno lilifika kooni, akaliona kabisa, akalimeza. Alimwona mbele yake mtu aliyemlea mumewe, aliyemwogesha yeye mwenyewe, aliyekuwa katika maumivu makali, na hakupata nguvu ya kumwambia kwamba amekosea. Akasema kwa sauti ndogo labda wakate ukingoni, katikati ya pote pawili. Tabibu akakata ukingoni. Ukingo ulikuwa umekwisha kulegea, ngozi ya juu ikateleza ikabaki kwenye shashi, na kilichoingia katika chupa kilikuwa kipande cha kidonda.

Alifanya yaliyobaki kwa uangalifu wote aliofundishwa. Aligandisha, alikata, alidondosha askari wenye taa wanaowatafuta wale waasi, alingoja, akaosha. Akaweka mashahidi wawili kando. Akazima taa, akakaa kwanza mpaka macho yake yakazoea giza, kama desturi yake. Shahidi wa kwanza aling'aa kama ilivyotakiwa. Wa pili alibaki giza. Kisha akaweka kioo cha wifi yake, na humo hamkuwa na kitu.

Alisogeza kioo huku na huku. Kwenye pembe moja aliona kijani hafifu, akafikia hata kutabasamu peke yake. Halafu akarudi kwa shahidi asiyepewa askari, na huko nako akakikuta kijani hichohicho, kwa kuwa nyuzi za ngozi zina mng'ao wake mdogo ambao hazikupewa na mtu. Hakuwa ameona ugonjwa. Alikuwa ameona tamaa yake.

Mzee Taratibu aliinama kwenye hadubini kwa muda mrefu. Akasema mashahidi wako sawa, kazi ni safi, na mwanga hakuna. Kisha akauliza mbona ngozi hii haina tabaka la juu, na imekatwa wapi. Mpwa wangu akamweleza yote, na neno alilolimeza akamweleza pia.

Mzee hakupandisha sauti. "Ukiandika kwamba hakuna mwanga utakuwa umeandika kweli, binti yangu. Na daktari ataisadiki. Atamwachisha vidonge, atangoja, na wifi yako ataendelea kubanduka. Wewe umepiga hodi kwenye nyumba iliyobomoka, ukasema mtaa huu hauna watu."

Hakuandika. Alikwenda kwanza kwa daktari wa ngozi, akasimama mbele ya meza yake akasema kwamba kipande kile hakifai kusomwa na kwamba kosa ni lake. Daktari alikubali sehemu ya kosa, kwa kuwa aliondoka kabla kazi haijakwisha. Lakini alimwambia pia kwamba mgonjwa ameshakataa mbele ya wauguzi wote kukatwa tena, na hospitali haimkati mtu kwa nguvu. Usiku uliopita malengelenge mapya yalitokea mgongoni. Angeweza kungoja hadi kesho yake mchana. Baada ya hapo ingembidi achague njia bila ushahidi, na alikuwa akielekea kwenye ile ya kuacha vidonge, kwa sababu ndiyo isiyoua haraka ikiwa amekosea.

Jioni hiyo, saa ya kuona wagonjwa, mpwa wangu alifika wodini kabla ya ndugu wengine. Nilifika nyuma yake na mfuko wa machungwa ambayo mgonjwa hakuweza kuyala, nikabaki mlangoni nilipoona jinsi alivyosimama. Hakuwa ameinamisha kichwa.

"Wifi, nimekuja kukuomba ngozi nyingine," alisema. "Ile nzima."

Mgonjwa alitikisa kichwa, akafumba macho.

"Ile ya kwanza haikusema kitu. Nilijua kwamba haitasema. Nilijua tangu tabibu alipokata."

Macho yalifumbuka. "Ulijua?"

"Nilijua, wifi. Pale palipobanduka hao waasi hawapo tena. Wameshabomoa, wameondoka. Wako hapa," na akaugusa mkono pale ngozi ilipokuwa laini, haina alama. "Wameingia nyumba ya jirani, na kwa nje nyumba inaonekana nzuri. Nikikata hapa nitawakuta wamekaa."

Mgonjwa aliutazama mkono wake mwenyewe kama mtu anayetazama nguo aliyoishona akagundua kwamba imekatwa kinyume. Ilimchukua muda kuliunda neno. "Sasa siku ile mbona hukusema?"

"Niliogopa kukuvunjia heshima."

Kisha pembe moja ya mdomo ule uliojaa vidonda ikajaribu kupanda. "Heshima yako imenila nyama, wifi. Kuanzia leo niheshimu kidogo."

Mpwa wangu alianza kulia, wifi akamwambia asimlilie juu ya vidonda, machozi yana chumvi. Halafu akaugeuza mkono, akachagua mwenyewe mahali upande wa ndani, juu ya kiwiko, ambapo, alisema, hata gauni la mkono mfupi litapaficha. Daktari wa ngozi alikuja kukata kwa mkono wake asubuhi iliyofuata. Kabla hajakata, Mama Giza alichukua kalamu akachora duara juu ya ngozi ile, kusiwe na mjadala.

Safari hii hakujiamini. Baada ya kuosha vioo alifunika alama zake zote kwa vipande vya karatasi, akavibadilisha nafasi mezani huku ameangalia pembeni, hata yeye mwenyewe akapoteza hesabu ya kipi ni cha nani. Ndipo akazima taa. Kioo cha kwanza kilikuwa giza. Cha pili kiling'aa. Cha tatu kiling'aa pia, na zaidi: kila seli imezungushiwa mstari wa kijani, seli na jirani yake na jirani ya jirani, sega zima la nyuki limechorwa kwa mwanga. Alisema hajapata kuona kitu kizuri namna ile na kibaya namna ile kwa wakati mmoja. Aliufunga haraka mwanga wa buluu, kwa sababu rangi hiyo hufifia ikitazamwa sana, akatoka kumwita Mzee Taratibu bila kumwambia alichokiona.

Mzee aliinama, akatazama cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akasema viwili ni vya wagonjwa na kimoja ni shahidi mtupu. Wakafunua karatasi, na cha tatu kilikuwa cha wifi. Hakusema "taratibu" siku hiyo. Alisema, "Kimbia."

Naye alikimbia, mama mwenye watoto wakubwa, katika varanda yote ndefu, na wauguzi wakatoka milangoni kuuliza nani amefariki.

Dawa ilianza siku hiyohiyo. Sukari ilipanda kama daktari alivyoogopa, wakaishusha kwa sindano asubuhi na jioni, ikapanda tena, wakaishusha tena. Siku za mwanzo hatukuona nafuu, na mdogo mtu aliacha kuchomelea akashinda kwenye ngazi za hospitali akitazama viatu vyake. Kisha malengelenge mapya yakaacha kutokea. Yale ya zamani yakakauka pembeni, halafu katikati. Mdomo ulichelewa kuliko pengine pote. Tulijua kwamba umepona siku ambayo muuguzi alimletea uji, naye akamwuliza, kwa sauti iliyosikika kitanda cha mwisho, ni nani aliyemshonea sare yenye bega moja juu na jingine chini, na kama fundi huyo yuko huru au ameshakamatwa. Wodi ililipuka kwa kicheko. Mpwa wangu, aliyekuwa akimtandikia shuka, aliketi kitandani akaficha uso kwenye mto.

Ugonjwa ule hauishi moja kwa moja. Hufugwa, kama kisukari kinavyofugwa. Fundi anakunywa vidonge kila siku na anarudi kliniki anapoitwa. Lakini benchi la wateja limejaa tena, na utani umebadilika kidogo. Siku hizi Mama Giza hujibu. Si kila mara, na si kwa ukali, ila hujibu, na mkubwa wake huonekana kufurahia zaidi anaporudishiwa. Nilimsikia akimwambia wifi yake kwamba mbuzi aliyeolewa ndiye aliyeona kijani kilichomponya mchunga. Fundi alisimamisha cherehani apate kucheka vizuri.

Kuna jambo jingine lililotokana na hayo, nalo halikuandikwa kwenye ukuta wowote wa hospitali. Mgonjwa akikataa kukatwa palipo pazima, na wengi hukataa kwa hoja ileile ya nguo iliyochanika, wauguzi humtuma mtu kwa fundi cherehani. Huja na futi yake ya kupimia shingoni, huketi kitandani, hupandisha mkono wa gauni. Ana makovu mawili. Huyaonyesha moja baada ya jingine. Hili, husema, ni la heshima, na hili ni la dawa. Lile la heshima ndilo kubwa. Sijasikia bado mgonjwa aliyebaki na msimamo wake baada ya hapo, ingawa wengine nadhani hukubali ili tu wapate kupumzika kutokana na maneno yake.

Mzee Taratibu alistaafu. Mpwa wangu ndiye anayeshika hadubini sasa, na nywele zake nazo zimeanza kugeuka. Habari ya mwisho niliyo nayo juu yake ni ya wiki iliyopita. Mkulima mmoja, mtu mzima kunizidi mimi, aliletwa na malengelenge kifuani, akakataa kukatwa mahali pazuri. Walimwita fundi, lakini alikuwa na gauni la harusi la kumaliza na hakuweza kuja. Mama Giza alishuka mwenyewe kutoka maabara. Mzee yule alimwambia kwamba yeye ni sawa na baba yake, na kwamba watakata anapotaka yeye. Mama Giza alimwamkia kwa magoti, kama alivyolelewa, kisha akasimama na kumwambia, "Hapana, baba. Hapo sikubali." Akamweleza. Wakabishana kwa muda mpaka mzee akakubali. Akamchorea duara kando ya lengelenge, daktari akakata ndani yake, naye akakipokea kipande katika shashi yenye maji ya chumvi, akafunga chupa, na kukipeleka maabara kwa miguu.